Maswali ya gereji: nozo, silinda na turbo

Shikamoo fundi. Hilux yangu ya D-4D, injini 1KD, inatetemeka nikisimama kwenye foleni. Nimeambiwa nibadilishe nozo (vipuliza mafuta) zote nne. Ni lazima? (Msomaji, Iringa)

Marahaba. Usitoe hela bado. Gari hilo lina kompyuta inayoongeza au kupunguza dizeli kwa kila silinda ili injini ingurume sawasawa. Mwambie fundi achomeke mashine ya kupimia na asome marekebisho ya silinda moja moja, injini ikiwa ya moto, bila resi. Namba zikikaribia sifuri, nozo ziko sawa. Ikipita 3 kwa kujumlisha au kutoa, hapo ndipo pa kuchimba.

Lakini tahadhari: namba ya kujumlisha inasema tu kwamba silinda ni dhaifu na inaongezewa mafuta. Udhaifu unaweza kutoka kwenye ringi au valvu, kwa hiyo kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) ipimwe kabla ya kununua nozo. Kisha mipira ya dizeli inayorudi kutoka kwenye nozo itumbukizwe kwenye chupa nne zinazofanana. Chupa inayojaa haraka kuliko wenzake inaonyesha nozo iliyolika ndani.

Usilicheleweshe hili kama unapandisha mlima Kitonga na mzigo. Kwenye dizeli yenye turbo, silinda inayopewa mafuta mengi kupita kiasi ndiyo inayoyeyusha au kupasua pistoni.

Nimefunga nozo moja mpya kwenye 1KD, mtetemo umezidi. (Msomaji, Dodoma)

Angalia juu ya nozo: kuna mstari wa herufi na tarakimu 30. Ni vipimo vya nozo hiyo peke yake, na lazima viingizwe kwenye kompyuta. Bila hivyo, kompyuta bado inahesabu kwa nozo ya zamani. Na washa ya shaba chini yake iwe mpya. Ikivujisha, moshi wa mwako unaingia kwenye oili, masizi yanaziba chujio la pampu ya oili, na injini inakufa.

Subaru yangu ya turbo ina geji ya hewa na mafuta. Ilisoma 11.6 nikikanyaga, mbona pistoni moja imevunjika? (Msomaji, Nakuru)

Pole sana. Namba ya geji ni uzito wa hewa kwa kila sehemu moja ya mafuta; ikipanda, mafuta yamepungua. Sensa yake inanusa moshi wa silinda zote nne ukiwa umechanganyika. Tatu zikiwa 11.2 na moja 13, geji bado itakuambia 11.6. Kwenye petroli, hiyo ya 13 ndiyo yenye njaa ya mafuta: turbo ikisukuma hewa inapata joto kali, inaanza kugonga (mchanganyiko unajilipukia ovyo), na kingo za pistoni zinazoshika ringi zinakatika.

Kabla ya kufunga injini nyingine, nozo zote nne zipimwe kwenye benchi, kila moja na mrija wake wa kioo, kwa shinikizo na muda ule ule. Hasa kama mojawapo ni ya mtumba. Kupunguza presha ya turbo peke yake ni kuahirisha tatizo.

Dawa ya kusafisha nozo inasaidia? (Msomaji, Tanga)

Kwa uchafu, ndiyo, kiasi. Chuma kilicholika hakirudi kwa dawa.