Uliza Ujibiwe: Ploti yetu imejaa watu mpaka kwa ngazi, mbona mbunge ni mmoja tu?

Mwezi huu maswali mengi yaliyoingia ni ya mipaka ya maeneo bunge, nadhani ni vile uchaguzi wa 2027 umeanza kunukia. Nimechagua matano, na yale marefu nimeyapunguza kidogo, mnisamehe, kuna mmoja alijaza kurasa sita mbele na nyuma.

Swali: Habari ya kazi. Mimi nakaa Pipeline, ploti yetu ni ghorofa saba na milango ukihesabu inapita mia, asubuhi tunapanga foleni ya maji kwa ngazi. Juzi nikasikia kwa redio ati kuna eneo bunge huko Lamu lina watu elfu ishirini na kitu peke yake na wana mbunge wao kamili kama sisi. Si hao ni watu wa mtaa mmoja tu hapa? Nani hugawa hivi vitu na huwa anatumia hesabu gani? – Mama Shiku, Pipeline, Nairobi

Jibu: Mama Shiku, pole na ngazi. Ulichosikia ni kweli, hiyo ni Lamu Mashariki, sensa ya 2019 iliipata na watu 22,258. Anayegawa ni tume ya uchaguzi, IEBC, na hesabu yake iko kwa katiba ya 2010, kifungu cha 89. Maeneo bunge ni 290, hayaongezwi wala hayapunguzwi mpaka katiba ibadilishwe. Tume inachukua watu wote wa Kenya inagawanya kwa 290, na jibu ndio kipimo cha eneo bunge moja. Ni watu wote, si wapiga kura peke yao, hata yule mtoto wako wa chekechea yuko ndani.

Walipogawa mara ya mwisho, 2012, walitumia sensa ya 2009. Watu walikuwa 38,610,097, kwa hivyo kipimo kikatoka 133,138. Nairobi tulikuwa 3,138,369, sasa chukua simu yako ugawanye, utapata 23 na nusu hivi. Lakini tulipewa 17. Hizo zingine sita zilienda wapi?

Hapo ndipo ujue katiba imeacha nafasi ya kucheza. Kwa miji mikubwa, na kwa zile sehemu watu wamekaa mbali mbali, eneo bunge linaweza kuzidi kipimo ama kupungukiwa kwa asilimia 40, na kwingine ni asilimia 30. Soma vizuri, ni kuzidi AMA kupungukiwa. Sisi wa mjini tukawekwa kwa kuzidi, tena mpaka mwisho kabisa: kipimo ukiongeza asilimia 40 ni 186,393, na Nairobi ukiigawa kwa hiyo inatoka 16.8, basi 17. Wewe ni mtu wa soko unaelewa, tulipimiwa kwa gorogoro (ule mkebe wa kupimia) ya kurundika, na kule kwingine ikatumika ile imebonyezwa kitako, inajaa haraka. Sisemi waliiba, sheria inaruhusu, nasema tu mkono uliopima uliegemea upande mmoja.

Lakini Lamu nao wasikilize. Lamu Mashariki ni visiwa na mwambao, mtu wa Kizingitini na mtu wa Kiunga wametenganishwa na bahari, mbunge anazunguka kwa boti na mafuta ya boti si nauli ya matatu. Halafu katiba ilisema ule ugawaji wa kwanza usifute eneo bunge lolote lililokuwepo, ndio maana kuna 27 hivi ambayo hayakufikisha watu na yakabaki. Kwa hivyo si kwamba mtu aliwapendelea watu wa Lamu usiku.

Na usisahau tulikotoka. Kabla ya 2013 Nairobi nzima ilikuwa na maeneo bunge manane tu. Embakasi ya zamani kwa sensa ya 2009 ilikuwa na watu 925,775, na mbunge mmoja! Ikakatwa mara tano, na wewe ukaangukia Embakasi Kusini. Shida ni kwamba mji haukungoja. Sensa ya 2019 ilitupata 4,397,073, gawa kwa 17 ni kama 258,000 kila eneo bunge, na kipimo kipya ni 164,015, ukirundika ile asilimia 40 yote kinafika 229,000 na kitu. Yaani sai tumepita hata ile gorogoro ya kurundika. Kwa hesabu ya uchoyo kabisa tungekuwa na 20, kwa hesabu ya kawaida karibu 27.

Kitu kimoja tu nitakusumbua nacho. Ile usiku ya sensa, tarehe 24 Agosti 2019, ile baa zilifungwa mapema watu wakalala nyumbani kwa lazima, ploti yenu ilihesabiwa yote. Lakini siku ya kura, hiyo milango mia, wangapi wanashuka ngazi kwenda kupiga Pipeline na wangapi wako kwa basi wanaenda ushago? Mbunge wako anajua hiyo namba kuliko mimi.

Swali: Mimi niko South B, shemeji yangu yuko South C, kati yetu ni Mombasa Road tu. Mimi ni wa Starehe, yeye ati ni wa Langata. Langata wapi na wapi? Na kwa nini chifu wangu hawezi kunieleza? – Fundi wa South B

Jibu: Fundi, hiyo barabara ndiyo mpaka wenyewe. Idadi ya watu si kitu pekee tume inaangalia, kuna barabara, mito, ukubwa wa mji, watu wanaofanya shughuli pamoja, historia, na ukiviweka vyote kwa ramani moja lazima mtu mmoja atashangaa asubuhi. Nairobi imejaa hizo. Wodi ya Mathare North haiko eneo bunge la Mathare, iko Ruaraka. Kariobangi Kaskazini iko Embakasi Kaskazini, Kariobangi Kusini iko Embakasi Magharibi. Jina la mtaa lisikudanganye.

Kuna mpaka mmoja tu ambao IEBC haivuki, ule wa kaunti. Uliza watu wa Githurai, 44 wako Nairobi na 45 wako Kiambu, wananunua nyanya kwa soko moja lakini hawawezi kuwekwa chini ya mbunge mmoja. Chifu naye usimlaumu, lokesheni yake hupangwa na serikali kuu, haihusiani na tume na mara nyingi hailingani na wodi yako.

Swali: Kwani hii mipaka si ilifaa kubadilishwa tayari? Nasikia kila siku ati "itarekebishwa". – Msomaji, Dandora

Jibu: Ilifaa. Katiba inasema kila baada ya miaka 8 na isipite 12, na kwa sababu ya mwisho ilikuwa Machi 2012, muda uliisha Machi 2024. Lakini wakati huo tume haikuwa na makamishna hata mmoja, wa mwisho wa zamani waliondoka mwanzo wa 2023 na wapya wakaapishwa Julai 2025. Kazi yenyewe si ya wiki mbili, kuna kuzunguka kusikiliza wananchi, kuna ripoti, halafu mtu yeyote asiyeridhika ana siku 30 za kwenda Mahakama Kuu. Na lazima imalizike mwaka mzima kabla ya uchaguzi ndio itumike kwa huo uchaguzi. Tume yenyewe imesema haitaweza kabla ya 2027, kwa hivyo tunaenda na mipaka ileile.

Ukiniuliza mimi, hata wangekuwa na makamishna ishirini bado ingekuwa moto. Namba ni 290, imefungwa. Nairobi ikipata mawili, kuna pahali mawili yanakufa, na ule ulinzi wa yale maeneo bunge madogo ulikuwa wa ugawaji wa kwanza tu. Sasa mwambie mbunge fulani eneo bunge lake, na bursari za CDF (hazina ya maendeleo ya eneo bunge), na ofisi yenye kibao cha jina lake, vyote vinaunganishwa na vya jirani ambaye hawasalimiani. Ndio maana BBI, ule mpango wa kubadilisha katiba, ilitafuta njia ya mkato, iongeze maeneo bunge 70 na Nairobi ipate 12, kila mtu afurahi na mlipa ushuru alipe. Mahakama ya Juu ikaikataa hiyo ya 70 Machi 2022, wananchi hawakuwa wameulizwa.

Swali: Kaka yangu yuko Texas, anasema huko wanasiasa ndio wanajichorea mipaka. Ni ukweli ama ni baridi inamsumbua? – Otis, Umoja

Jibu: Otis, Texas si baridi sana, na ni ukweli. Bunge lao la wawakilishi lina viti 435, vinagawiwa majimbo upya kila miaka 10 baada ya sensa, wilaya moja sai ina watu kama 761,000, halafu kwa majimbo mengi wanaochora mipaka ni wabunge wa jimbo lenyewe. Mwaka 1812 gavana wa Massachusetts, Elbridge Gerry, alitia sahihi ramani yenye wilaya iliyojikunja kama mjusi, gazeti likaunganisha jina lake na la huyo mnyama na tabia hiyo inaitwa gerrymandering mpaka leo. Texas walichora tena 2025 hata kabla sensa ifike, wazi wazi ili chama kipate viti zaidi. Majimbo mengine yana tume. Yetu ina makosa mengi lakini kalamu angalau haiko mkononi mwa mheshimiwa, anaweza tu kupiga kelele.

Swali: Nimehama Kayole nimeenda Utawala, bado zote ni Embakasi, si naweza kupiga kura kulekule nilipo sasa? – Dada wa Utawala

Jibu: Hapana dadangu. Umetoka Embakasi ya Kati umeingia Embakasi Mashariki, hizo ni ofisi mbili. Usijiandikishe upya, kujiandikisha mara mbili ni kosa. Nenda ofisi ya IEBC ya huko ulikohamia, uombe kuhamishiwa, na ubebe kitambulisho chenyewe, fotokopi watakurudisha nayo.