Jibu: Lango la Porta all'Arco, Volterra

Dada, umeuliza kama inafaa kupanda hadi Volterra kwa ajili ya lango moja tu, maana utakuwa Toscana, Italia, siku chache. Nenda, tena bila kusita.

Kupita hapo hulipi chochote; ni njia ya watu mpaka leo. Anza kwa kutoka nje ya ukuta, kisha geuka utazame juu. Utaona vichwa vitatu vya mawe meusi, kimoja kileleni mwa tao na viwili pembeni. Mvua na upepo vimevila hata macho na pua havijulikani. Wengine husema ni miungu, na ubishi haujaisha. Lango lenyewe ni la Waetruski, watu walioishi hapa kabla ya utawala wa Warumi, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Ukiingia chini ya tao, papasa ukuta: kuna mfereji wa wima ambamo lango la kushushwa kutoka juu lilikuwa likiteleza.

Usiache kusoma kibao kinachoeleza yaliyotokea mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wanajeshi wa Ujerumani walitaka kulilipua lango ili kuzuia majeshi ya Washirika, yaani adui zao, yasipite. Wenyeji wakang'oa mawe ya barabara kwa mikono yao, wakaliziba lango lote ndani ya siku moja; kwa kuwa halikupitika tena, halikuwa na haja ya kulipuliwa, likaachwa salama. Mimi hapo ndipo huona thamani yake hasa.

Vaa viatu visivyoteleza. Barabara ya kupandia mjini ni mwinuko mkali, na kando yake kuna karakana za wachonga alabasta, jiwe laini la mapambo. Treni haifiki mjini, kwa hiyo angalia ratiba ya basi la kurudi mapema.