Wiki ya tano na bado anachechemea: yaliyonikuta na Bajaji baada ya operesheni ya goti

Mkuu, umeandika kwamba mbwa wako wa kilo 36 yuko wiki ya tano tangu apasuliwe goti lililokatika kano na kufungwa uzi, mchana anatembea vizuri lakini akiamka asubuhi anachechemea, na shemeji yako kakwambia umetupa hela. Hujatupa. Kilichonishtua ni pale uliposema siku hizi unamwacha azunguke uani bila kamba "maana amechangamka". Hapo ndipo nilipoteleza mimi, ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Wangu anaitwa Bajaji. Jina alipewa na wanangu akiwa mdogo kwa sababu ya kelele zake. Hatukujua kama iko siku atatembea kwa matairi matatu kweli. Alikuwa na miaka 5 na kilo 41, chotara wa German Shepherd. Alipoanza kuchechemea, wiki tatu za mwanzo zilipotea bure kwa sababu mtu wa dawa za mifugo alisema ni homa ya kupe, tukapiga sindano. Simlaumu sana, maana huku Dar kupe wanalemaza mbwa kweli. Lakini mbwa wa homa ya kupe huzubaa, hukataa chakula, na miguu humuuma leo huu kesho ule. Bajaji alikuwa anakula kama kawaida, mguu ni ule ule wa nyuma kulia, na akikaa anautoa pembeni badala ya kuukunja chini yake. Daktari wa mifugo aliyemwona baadaye alimlaza, akashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mkono mwingine, akasukuma. Mfupa wa chini ukatoka mbele kama droo ya kabati. Kano ya mbele, ile inayofunga paja na muundi ndani ya goti, ilikuwa imekatika. Akapasuliwa, akafungwa uzi kama wako.

Ni kano ile ile inayowakalisha wachezaji wa mpira nje msimu mzima, ila sababu ni tofauti. Mchezaji huumia siku moja, uwanjani. Ya mbwa mara nyingi huchakaa ndani kwa ndani kwa miezi, nyuzi moja moja, kama kamba ya kisima. Ile siku anayoruka ukuta akaumia ni siku ya kumalizia tu. Lishike hili, nitalirudia.

Sasa huo uzi. Ni nailoni nene inayozungushwa nje ya goti ili mfupa usiteleze mbele. Wengi tunadhani ndiyo kano mpya. Siyo. Kazi yake ni kulishikilia goti kwa miezi miwili mitatu wakati mwili unajenga kovu gumu kulizunguka, na kovu hilo ndilo litakalobeba mbwa maisha yake yote. Nailoni yenyewe baadaye hulegea au hukatika, na kama kovu limeshakomaa hakuna anayejua. Ikilegea kovu likiwa bado bichi, ndio msiba. Kwa hiyo mbwa wako wa wiki ya tano ameshikwa na uzi tu, na yeye hajui. Maumivu yamepungua, anajiona mzima. Wiki mbili za kwanza hazina hatari kubwa maana anaumwa na anajitunza mwenyewe. Hatari ni kuanzia wiki ya tatu mpaka ya kumi na mbili.

Mimi wiki ya sita nilimfungua. Nilikuwa nakunywa chai barazani, namtazama anavyonusa maua, roho kwatu. Mlinzi akafungua geti kumpisha bodaboda wa gesi. Bajaji alitoka kama mshale, akageuka ghafla kwenye kokoto, nikasikia kilio. Goti lilivimba kama embe bolibo kwa siku tisa. Daktari alilishika, akasema uzi haujaachia, una bahati, anza upya. Tukarudi kwenye dakika tano.

Dakika tano maana yake ni hizi: kamba fupi, mara tatu kwa siku, na mwendo wa polepole mpaka unajisikia mjinga. Mbwa akienda mbio huubeba mguu mbaya na kutumia mitatu. Ukimtembeza kama bibi harusi, hana budi kuukanyaga. Kila wiki ukiona hajachechemea zaidi kesho yake, ongeza dakika tano. Ndani ya nyumba, tailizi ni adui. Nilitandika kapeti la mpira kutoka mlangoni hadi kwenye bakuli lake, mke wangu akasema sebule imekuwa kama basi la mkoani.

Utajuaje anapona? Macho hudanganya, hasa ya mwenye mbwa. Mimi nilitumia vitu viwili. Cha kwanza futi ya fundi cherehani. Pima unene wa paja juu kabisa, karibu na kinena, pande zote mbili, akiwa amesimama. Bajaji mwezi wa pili alikuwa na sentimita 39 kulia na 45 kushoto. Mwezi wa sita 43 kwa 45. Hazikuwahi kulingana mpaka leo, na anaishi.

Cha pili hakuna aliyeniambia, nilikiona mwenyewe siku namkata kucha. Kucha za mguu uliopasuliwa zilikuwa ndefu, zimechongoka, na zile za mguu mwingine zimesagika na saruji ya uani hadi zimekuwa butu. Mbwa alikuwa anakanyaga, ndiyo, lakini anagusa tu, uzito hauweki. Mwezi wa tano ndipo kucha zilianza kulingana. Tangu hapo nikitaka ukweli sitazami mwendo, nainua mguu.

Baharini tulianza wiki ya kumi, kidonda kimefunga kabisa na daktari ameridhia. Siyo kuogelea. Tulikuwa tunakwenda Kunduchi maji yakipwa, kwenye mchanga mgumu, tunatembea pale yanapofika tumboni mwake. Maji yanambebea uzito na wakati huo huo yanamlazimisha anyanyue mguu. Angalia mawe, na mwoshe chumvi mkirudi.

Kuhusu dawa nitasema kwa ufupi: ya maumivu iwe aliyoandika daktari wa mifugo, kwa uzito wa mbwa. Usimpe diklofenaki wala ibuprofeni ya nyumbani hata nusu kidonge, zinatoboa tumbo na kuua figo. Akiharisha choo cheusi kama lami, simamisha kila kitu, mpeleke.

Lakini ukiniuliza nini kilimsaidia Bajaji zaidi ya vyote, nitakwambia ni mizani. Kilo 41 zilikuwa za ugali wa dona, utumbo, na chapati za watoto chini ya meza. Nilimpunguzia ugali kwa theluthi, nikajaza mchicha na boga, dagaa zikabaki. Kila mwisho wa mwezi tunakwenda kwa muuza nafaka, anapanda mizani ya magunia, wateja wanacheka. Imechukua miezi minane kufika 34. Daktari alinieleza wazi kwamba goti lililowahi kukatika kano huingia baridi yabisi tu, hata operesheni ikiwa safi. Unachoweza kuamua ni mzigo litakaoubeba.

Na ile kamba ya kisima. Kama kano ya kulia ilichakaa yenyewe, ya kushoto iko safari hiyo hiyo. Kati ya mbwa kumi waliokatika kano ya goti moja, wanne hadi sita huja kukatika na goti la pili, wengi ndani ya mwaka mmoja au miwili. Sikutishi, ila kila siku unayomwacha asimamie mguu mzima peke yake unauchosha nao. Wangu ana miaka mitatu sasa tangu kisu, kushoto kumeshika, na bado kila nikimkuta amekaa naangalia mguu ulivyokaa.

Sasa mbwa wako. Kukakamaa asubuhi kisha kulainika baada ya hatua ishirini, wiki ya tano, ni kawaida. Bajaji bado hufanya hivyo masika yakianza. Rudi kwa daktari kama ameacha ghafla kukanyaga, goti limekuwa la moto, kidonda kinatoa majimaji, au ukiweka kiganja unasikia kitu kinagonga "tak" ndani ya goti anapokunja. Hilo la kugonga mara nyingi huwa gegedu la ndani limechanika, na halitulii kwa dawa.

Umeuliza kama ataruka tena kwenye pikapu. Labda ataweza, wangu anaweza. Nimemkataza. Nimemtengenezea ubao wa futi nane, nimeupigilia vipande vya tairi kuukuu asiteleze. Siku za kwanza aliuzunguka na kunitazama kama nimemtukana, ikabidi nipange dagaa kutoka chini mpaka juu. Siku hizi nikishusha ubao tu, yeye yuko mkiani mwa gari ananisubiri.