Nilijua yameisha siku niliposikia pikipiki yake nikaendelea kuchambua mchele

Dada umeuliza kama una roho mbaya, kwa kuwa mumeo hakupigi, hana mchepuko, hela ya matumizi anaacha, ila moyo wako haupo tena. Huna roho mbaya. Nimepita humo, ndoa ya miaka 11.

Kwangu hapakuwa na ugomvi. Zamani pikipiki ya mume wangu ikikata kona tu, nimeshasimama. Maji ya kuoga yako bafuni, kichwa cha samaki nimemfunikia. Jioni moja akaingia, nikaitikia salamu, nikaendelea kuchambua mchele. Sikuwa na hasira. Ningekuwa nayo ningejua bado namtaka. Nikaokota kijiwe, nikakitupa, ndipo nikang'amua kwamba alikuwa Morogoro siku 4 na sikumkumbuka hata mara moja. Hilo ndilo lililonitisha.

Taarabu na Bongo Fleva zimetuzoesha kwamba mapenzi hufa kwa kishindo: yupo mwizi wa mume, upo mpasho, lipo chozi. Nikamtafuta huyo mwizi kwenye simu yake usiku, na niliomba nimkute, ili nipate sababu. Hakuwepo.

Nikaenda baraza la usuluhishi la kata, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mpite huko kabla ya kudai talaka mahakamani. Mzee mmoja akaniuliza: anakupiga? Hapana. Ana mwanamke? Hapana. "Sasa mwanangu, umetuletea nini?" Sikuwa na jibu. Sheria inataja uzinzi, ukatili, kutelekezwa, kutengana miaka 3. Ubaridi haikuutaja.

Baadaye sana nikasoma utafiti wa Wamarekani wawili, John Gottman na Robert Levenson, uliotoka mwaka 2000. Walifuatilia wanandoa kwa miaka 14. Waliogombana vibaya waliachana mapema. Waliokaa kimya, hawachekeshani, hawafurahishani, walikaa miaka mingi zaidi ndipo wakaachana. Nililia, maana nilijiona.

Mwambie mumeo sasa, mdogo wangu, wakati bado inakuuma. Mimi nilimwambia nimeshachelewa, tumekaa kibarazani, umeme umekatika. Hakushtuka.

"Nilijua tangu ulipoacha kunigombeza," akasema.

Nikamuuliza, tangu lini? Akaitaja Ramadhani ya mwaka juzi. Muda wote huo alikuwa anajua, na kila jioni tulikula sinia moja.