Jina halimo kwenye filamu, ila wanasema aliigiza: nimwamini nani?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwanafunzi wa sanaa za maonyesho, niko Morogoro. Naandika makala ya Kiswahili kuhusu mwigizaji wa Marekani, Juanita Moore, na nimekwama kwenye orodha ya kazi zake. Mtandao mmoja unampa filamu chungu nzima, mwingine unampa nusu yake. Filamu moja nimeitazama na yeye nimemwona kwa macho yangu, lakini jina lake silioni mwanzo wala mwisho. Je, ina maana hakulipwa? Wengine wanaandika alizaliwa 1914, wengine 1922. Kazi za televisheni nizichanganye na sinema au nizitenge? Na hiyo filamu yake kubwa inayorudiwa kwenye televisheni miaka yote, alikuwa akipata chochote kila inaporudiwa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umejichagulia mtu mgumu. Ungemchagua Lana Turner ungemaliza kwa jioni moja, maana mastaa wa aina ile kila hatua yao iliandikwa. Juanita Moore alifanya kazi miaka mingi mahali ambapo hakuna aliyeshika kalamu kwa ajili yake, isipokuwa mhasibu. Huyo mhasibu tutamrudia.

Kanuni yangu ya kazi hii ni kuanza na kile kisicho na ubishi, halafu kurudi nyuma. Kwa Moore, kigingi chako ni Imitation of Life ya mwaka 1959, ya studio ya Universal, iliyoongozwa na Douglas Sirk. Moore ni Annie Johnson, mama Mweusi mwenye binti mweupe wa ngozi anayemkana mama yake ili apite kama Mzungu. Binti yule alichezwa na Susan Kohner. Mazishi ya Annie mwishoni, Mahalia Jackson akiimba kanisani, ndiyo sehemu watu wanayoikumbuka hata wakisahau kwamba jina la juu kwenye bango lilikuwa la Lana Turner. Moore na Kohner waliteuliwa wote wawili kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike, na usiku wa Aprili 4, 1960 tuzo ikaenda kwa Shelley Winters. Kabla ya Moore, waigizaji Weusi waliowahi kuteuliwa walikuwa wanne tu: Hattie McDaniel, Ethel Waters, Dorothy Dandridge na Sidney Poitier.

Sasa rudi miaka kumi nyuma. Mwaka 1949 ilitoka Pinky, na uteuzi wa Ethel Waters ulitokana na filamu hiyohiyo. Moore yumo pia: ni muuguzi, anapita, basi. Jina halimo. Kwa hiyo filamu moja ina mwanamke mmoja aliyeteuliwa na mwingine asiyetajwa, na baada ya miaka kumi huyu wa pili naye anateuliwa. Orodha isiyo na Pinky inakata mkia wa hadithi yenyewe.

Kwa nini hakutajwa? Hapa vijana mnateleza kwa sababu mmezoea filamu za leo, ambazo majina ya mwisho yanapanda dakika saba hadi dereva na mpishi. Enzi zile majina yaliandikwa kwenye vibao, vibao vikapigwa picha, na yote yakawekwa mwanzoni. Mwisho ulipata neno moja la kuaga, au orodha fupi ya wahusika wakubwa. Waliotajwa ni wale ambao mkataba ulidai watajwe. Aliyeitwa kwa kibarua cha siku moja au mbili, akasema mistari miwili akaondoka, hakuwa na kifungu hicho.

Lakini kulipwa alilipwa. Chama cha waigizaji wa filamu kilikuwa na viwango vya chini vya malipo ya siku na masharti ya muda wa ziada, kwa hiyo studio ililazimika kuweka ripoti ya kila siku ya upigaji picha: nani ameitwa, amefika saa ngapi, amekwenda kula saa ngapi, ameruhusiwa saa ngapi. Ndiyo maana nilimtaja mhasibu. Mtu wa vibao aliweza kukusahau na dunia ikaendelea. Mhasibu akikusahau, kesho chama kiko mlangoni.

Karatasi za aina hiyo, zilizosalia, zimetawanyika. Nyingi ziko Margaret Herrick Library huko Beverly Hills, maktaba ya wale wanaotoa Oscar. Za Warner Bros. ziko Chuo Kikuu cha Southern California, Los Angeles. Wewe wa Morogoro huna haja ya nauli. Anza na katalogi ya American Film Institute, ambayo inasomwa bure kwenye intaneti. Soma maelezo ya chini ya kila filamu na siyo orodha ya juu peke yake. Huko ndiko wanakoeleza kwamba jina fulani limetoka kwenye filamu yenyewe, au kwenye magazeti ya biashara ya sinema ya wakati huo.

Magazeti hayo yana mtego. Yalitangaza kwamba fulani ameajiriwa kwenye filamu fulani. Hayakurudi miezi sita baadaye kusema kipande chake kimekatwa. Kwa hiyo ukikuta ushahidi pekee ni tangazo la ajira, andika hivyohivyo: alitangazwa. Usiandike aliigiza. Hapo ndipo orodha moja inapokuwa ndefu mara mbili ya nyingine, kwa sababu mmoja ameandika alichokiona na mwingine amezoa kila alichokisoma.

Na wewe uliyemwona kwa macho yako, nakuamini nusu. Usikasirike. Wanawake Weusi wa Hollywood wa miaka ya 1940 na 1950 walivalishwa aproni ileile na kofia ileile, na watu wanaojaza orodha kwa haraka hutazama aproni wasitazame uso. Nimewahi kuona picha moja ya filamu ina majina matatu tofauti ya watu, kila mtandao na lake. Tafuta filamu ya miaka ileile ambayo ana mistari ya kutosha na haina shaka, uifanye kipimo. Kwa Moore ningechukua Affair in Trinidad ya 1952, ambamo anaitwa Dominique na anamhudumia Rita Hayworth, au Women's Prison ya 1955, ambamo ni mfungwa. Msikilize kwanza. Sauti haidanganyi kirahisi kama picha ya pembeni yenye giza. Kisha mtazame anavyotembea: Moore alianza kama mnenguaji wa Cotton Club, klabu ya usiku ya New York, na mwili uliofunzwa kucheza ngoma huwa haufichiki hata umebeba sinia.

Neno moja kuhusu majina ya wahusika, maana utatafsiri. Utakutana na Hilda katika The Girl Can't Help It ya 1956: ni mfanyakazi wa ndani, na safari hii pia jina la Moore halikuwekwa. Mahali pengine mhusika hana hata jina la kwanza, ni kazi yake tu. Mwache hivyohivyo. Usimbatize jina ili makala ipendeze, na usimwite "msaidizi wa familia" kwa adabu za leo. Filamu zetu wenyewe zina "dada wa kazi" asiye na jina, kwa hiyo msomaji wako ataelewa upesi kuliko unavyodhani.

Umri. Tumia 1914. Moore alizaliwa Oktoba 19 mwaka huo, Greenwood, Mississippi, akafariki Los Angeles siku ya mwaka mpya wa 2014, na taarifa za kifo zilimpa miaka 99. Hiyo 1922 ni ya miaka ya kazini. Waigizaji wa kike walijipunguzia umri, au mawakala waliwapunguzia, kwa sababu ambazo hata hapa kwetu hazijaisha. Ukipata utata wa namna hii kwa mtu mwingine, kimbilia sensa ya Marekani. Hufanyika kila miaka kumi na fomu zenye majina hufunguliwa baada ya miaka 72, kwa hiyo sasa unaweza kusoma hadi ile ya 1950. Ukimkuta mtu kwenye sensa ya 1920, hakuzaliwa 1922, hata kama bango la filamu limeapa.

Televisheni itenge. Tena itenge kwa ukali. Filamu ina mwaka wa kutolewa. Kazi ya televisheni ina jina la mfululizo, jina la kipindi na siku kiliporushwa, na mwigizaji mgeni anakuwa ndani ya kipindi kimoja tu. Ukiandika "The Alfred Hitchcock Hour, 1962 hadi 1965" msomaji atadhani Moore alikuwemo miaka mitatu. Andika kipindi: Where the Woodbine Twineth, 1965. Kile kilipigwa kwenye mkanda wa filamu, hivyo unaweza kukitafuta na kukitazama. Michezo mingi ya televisheni ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilirushwa moja kwa moja, na kilichobaki, kama kimebaki, ni filamu iliyopigwa kwa kuelekeza kamera kwenye kioo cha televisheni. Picha yake ina ukungu kama inatazamwa nyuma ya chandarua. Katika kazi za aina hiyo, tegemea ratiba za magazeti ya siku ile kuliko macho.

Kuna jambo hukuuliza lakini litakusumbua. Ukipanga orodha kwa miaka utaona kabla ya 1959 vijikazi vimejaa, na baada ya uteuzi wa Oscar vimepungua. Usidhani orodha imeliwa na panya. Mwaka 1967 Moore mwenyewe aliliambia gazeti la Los Angeles Times kwamba alifanya kazi nyingi zaidi kabla ya kuteuliwa. Waliokuwa wakichagua waigizaji waliona haya kumwita mtu wa Oscar kwa kibarua cha siku moja au mbili, wakidhani atakataa, na yeye angekubali. Fikiria hilo kifundi: nafasi kubwa kwa mwanamke Mweusi zilikuwa za kuhesabu, nafasi ndogo ndizo zilizomlisha, na sifa ikamfungia hizo ndogo. Sehemu nyingine ya pengo iko jukwaani, mahali ambapo orodha za skrini hazifiki: London mwaka 1959 katika A Raisin in the Sun, na Broadway mwaka 1965 katika The Amen Corner ya James Baldwin. Baadaye skrini ilimrudisha, na kwa muda mrefu. Yumo kwenye The Mack ya 1973 akiwa mama wa mhusika mkuu, na mwaka 2000, akiwa na miaka 85, yumo kwenye The Kid ya Disney.

Sasa malipo ya marudio. Usiku ule wa Oscar wa Aprili 1960 waigizaji walikuwa kwenye mgomo, ulioanza Machi 7 na kuisha Aprili 18. Walichogombania ni hikihiki unachouliza, mgawo wa mwigizaji filamu ya sinema inapouzwa kwa televisheni. Walishinda, lakini kwa filamu zilizoanza kupigwa baada ya Januari 1960. Zile za zamani zilisamehewa, na studio zikatoa fedha za mara moja kuanzisha mfuko wa pensheni na matibabu. Imitation of Life ilipigwa 1958, ikatoka 1959. Kwa mkataba ule, mrudio wa televisheni haukumpa Annie Johnson senti.

Mstari wako wa kwanza uandike hivi, na mingine yote uifuatishe: Pinky, 1949, sinema, muuguzi, jina halikutajwa, nimemwona, dakika ya… Hiyo dakika utaijaza mwenyewe, maana nataka uitazame tena kabla hujaniandikia.