Kabla ya kuchora sura, shughulikia mandhari ya nyuma

Picha ya kwanza niliyowahi kuuza ilirudi baada ya miezi michache. Mteja aliifungua mlangoni, na kipande cha anga chenye upana wa kiganja kikabaki kwenye gazeti alilokuwa ameifungia. Chini yake rangi ya mafuta niliyoanzia ilikuwa inang'aa vilevile, kana kwamba hakikuwahi kupakwa kitu juu yake. Nilimrudishia pesa zake. Kisha nikakaa na ile picha nikiibandua kwa ukucha, mpaka nikaelewa kosa: nilipaka rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta, nayo haikupata pa kushika.

Kwa hiyo ukichanganya vifaa, maji yatangulie, mafuta yafuate. Wachoraji wa Tingatinga hapa Dar es Salaam hawana tatizo hili. Tangu Edward Said Tingatinga alipoanza mwaka 1968 kuchora kwenye vipande vya hadibodi, kazi yao ni rangi ya mafuta mwanzo hadi mwisho: mandhari kwanza, ikauke, ndipo aingie ndege au chui. Sisi tunaobandika karatasi na vitambaa ndio wa kujihadhari.

Mimi pia napenda hadibodi. Upande ule laini naupitisha msasa mpaka mng'ao uondoke, nafuta vumbi, halafu napaka tabaka mbili za mchanganyiko wangu: rangi nyeupe ya maji vipimo viwili, gundi nyeupe ya seremala kimoja, unga wa chaki kimoja, uzito wake kama mtindi. Mgongo wa ubao nao naupaka. Usipofanya hivyo, gundi ikikauka itavuta upande mmoja tu na ubao utapinda.

Gazeti ni zuri kwa kubandika, lakini karatasi yake hugeuka njano haraka. Nalitumia pale ambapo unjano hautaniudhi. Nikitaka maandishi au picha ya zamani ionekane, naenda steshenari kutoa fotokopi ya mashine ya unga, siyo printa ya wino, maana wino huyeyuka. Mwambie akugeuzie maandishi kama yanavyoonekana kwenye kioo. Paka rangi nyeupe ya akriliki, ile rangi ya maji ya wachoraji, ilaze fotokopi kifudifudi ikiwa rangi bado mbichi, uiache ilale hadi kesho. Kisha ilowanishe na uisugue karatasi taratibu kwa ncha ya kidole. Karatasi inatoka vipande vipande kama uchafu wa ngozi, na picha inabaki kwenye rangi. Usiwe na haraka hapo, ukikaza kidole utaing'oa na picha yenyewe.

Kanga ndiyo inayonipa raha kuliko vyote. Mpya ifue kwanza, hata mara mbili, dondo litoke na uone kama inachuja, maana nyekundu ikichuja chini ya rangi nyeupe utapata waridi usiyoitaka. Paka gundi kwenye ubao, laza kitambaa, sukuma hewa kuanzia katikati kwenda pembeni, halafu paka gundi nyingine juu.

Baada ya hapo subiri. Wakati wa masika hapa pwani mimi nasubiri usiku mzima, wakati mwingine na mchana wake. Weka mgongo wa mkono juu ya kazi: ukihisi ubaridi, maji bado yamo ndani. Ukipaka juu yake utafungia unyevu, na kitambaa kitavimba.

Ikishakauka napitisha rangi nyepesi iliyozimuliwa kwa maji, kisha naifuta kwa kitambaa ili ibaki kwenye mikunjo na mishono tu. Hapo ndipo vitu vilivyotoka sehemu mbalimbali vinapoanza kuwa kitu kimoja. Na hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu, kwa sababu kila tulichobandika tunakionea huruma. Funika. Mimi nafunika zaidi ya nusu, vinginevyo sura nitakayochora itakosa pa kupumua.

Picha iliyoko ukutani kwangu sasa ina kipande cha kanga ya mama. Jina la kanga, yale maandishi yake, lote limeshafunikwa isipokuwa neno moja. Nimelipitishia rangi mara mbili, na mara mbili nimelifuta kwa kitambaa kibichi kabla halijakauka.