Je, Musa aliandika kitabu cha sita na cha saba?

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni kijana wa Mbagala, nauza vifaa vya simu. Biashara ilipodorora nilinunua Kariakoo nakala ya Kitabu cha Sita na cha Saba cha Musa, kitabu cha uganga, kwa shilingi 60,000. Aliyeniuzia sasa anadai 200,000 nyingine ili "akifungue". Anasema nikikisoma kabla hakijafunguliwa nitarukwa na akili. Mama amekiona, anataka tukichome moto. Nimekiacha ofisini kwenu mkitazame. Kweli Musa ndiye aliyekiandika?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimekaa na kitabu chako siku mbili, nimekisoma chote. Nimelala, nimeamka, nimeswali alfajiri kama kawaida yangu. Hofu hiyo itue kwanza.

Kazi yangu ya ujana ilikuwa kujalidi vitabu, kwa hiyo nilianza na karatasi kabla ya maneno. Hii ni fotokopi ya fotokopi. Fungua penye ile mihuri saba: mistari imevimba, duara limegandana na herufi, na doa la wino lililodondokea nakala fulani huko nyuma sasa linaonekana kama sehemu ya mchoro. Herufi zinazosemwa ni za Kiebrania nilimwonyesha mwalimu mmoja anayefundisha Agano la Kale. Alizigeuza huku na huku, akatambua chache tu. Zimenakiliwa na watu wasiozisoma, mmoja baada ya mwingine. Kama nguvu ingekuwa katika usahihi wa mhuri, basi huu wako ulishaharibika zamani.

Sasa Musa. Vitabu vinavyohesabiwa kuwa vyake ni vitano, kuanzia Mwanzo hadi Kumbukumbu la Torati. Hivi viwili vilichapishwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1849, na mchapishaji aitwaye Johann Scheible, aliyekuwa akikusanya maandishi ya kale ya uganga na ngano. Toleo la Kiingereza likatoka New York mwaka 1880. Baadaye de Laurence, mchapishaji wa Chicago, aliuza vitabu vya namna hii kwa posta mpaka Jamaika na Afrika Magharibi. Serikali ya Jamaika ikavipiga marufuku vitabu vyake, na unajua mwenyewe kitu kikipigwa marufuku kinavyopanda bei.

Kwa nini jina la Musa? Kitabu cha Kutoka kinasimulia Musa na nduguye Haruni mbele ya Farao: fimbo ya Haruni ikageuka nyoka, ikazimeza fimbo za waganga wa Farao. Mtu kama Musa, watu waliona lazima aliacha siri. Leiden, Uholanzi, kuna maandishi ya Kigiriki juu ya mafunjo (karatasi za kale za matete) kutoka Misri, ya karne ya 4, yanayojiita kitabu cha nane cha Musa! Kwa hiyo jina lake limeazimwa tangu enzi na enzi. Nabii Suleiman naye alifanyiwa hivyo hivyo: ule Ufunguo wa Sulemani, kitabu kingine cha uganga, ambao Mwingereza Mathers aliutoa kwa Kiingereza London mwaka 1889, aliukusanya kutoka miswada ya British Museum iliyoandikwa karne nyingi mno baada ya mfalme huyo. Hata Agrippa, Mjerumani msomi kwelikweli, alichapisha vitabu vitatu vya falsafa ya siri, vikakamilika mwaka 1533. Akafa 1535. Mwaka 1559 kikazuka "cha nne" chenye jina lake, na mwanafunzi wake Johann Weyer akasimama kukikana.

Vile vitatu vya Agrippa ninaviheshimu, na ningependa siku moja visomwe kwa Kiswahili, kwa sababu vina mengi yanayotuhusu. Wazee wa pwani wanaosoma falaki, elimu ya nyota, wangeyatambua hata majedwali ya sayari ya kitabu chako: Zuhali, Mushtari, Mirihi, Zuhura. Sehemu kubwa ya elimu hiyo iliingia Ulaya kupitia Kiarabu. Ghayat al-Hakim, kitabu cha Kiarabu cha talasimu, yaani hirizi, kilitafsiriwa Hispania mwaka 1256 katika baraza la Mfalme Alfonso wa Kumi. Wengi wanaouziwa vitabu hivi kama siri za Wazungu hawalijui hili.

Huyo muuzaji usimpe hata shilingi. Katika kurasa zote sikukuta panapotajwa mtu wa kulipwa ili akifungue kitabu. Akikufuata tena kwa vitisho, mpeleke kwa mjumbe wenu, usiende peke yako. Hiyo 200,000 ni mzigo mzima wa chaja na kava.

Na mama yako usibishane naye. Matendo ya Mitume 19 inasimulia watu wa Efeso waliochoma vitabu vyao vya uganga vyenye thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Huenda ndilo alilolikumbuka. Waliochoma walikuwa wenye vitabu, kwa hiari yao. Mweleze kwanza hiki kimetoka wapi, kisha mwamue pamoja.

Kitabu chako kiko mapokezi, ndani ya bahasha ya kaki. Ukija kukichukua niulizie mimi, tuzungumze hiyo biashara ilianza kudorora lini.